Nafasi ya Kulia kwa Shehe

Mtaani wanamwita Bwana Vipimo, na jina limemganda kiasi kwamba hata mkewe akikasirika hulitumia hilo hilo. Kazi yake ni kupima. Chumba chake ni cha mwisho kwenye korido ya zahanati, mkabala na choo, na huo ujirani na choo haukuja kwa bahati mbaya, maana nusu ya kazi yake inatoka humo. Watu humletea vikopo wamevificha ndani ya mifuko, wengine wamevifunga kwa leso kana kwamba wanapeleka zawadi, wanavisukuma kwenye kidirisha huku wakitazama ukuta. Yeye huvipokea bila kucheka wala kukunja uso. Huinua kikopo kwenye mwanga, akaangalia rangi, akaangalia kama kuna utando, kisha akachovya kijikaratasi cha kupimia na kusubiri kibadilike.

Kwa kazi hiyo hakuna aliyewahi kumwonea gere. Hajatokea mtu akasimama nje ya kidirisha akasema, laiti ningekuwa wewe. Na binadamu, mtake msitake, anahitaji walau mahali pamoja pa kuonewa gere. Bwana Vipimo mahali pake palikuwa msikitini, upande wa kulia wa shehe.

Darsa ya tafsiri ilikuwa kila siku baada ya sala ya alasiri. Shehe hakuwa akisoma aya mwenyewe. Macho yalikuwa yameanza kumchoka, na zaidi ya hapo alipenda kuisikia aya kwa sikio kabla ya kuieleza. Kwa hiyo alikaa na msomaji. Msomaji anasoma aya moja au mbili, shehe anainua kidole, msomaji ananyamaza, shehe anaeleza. Kidole kikishuka, msomaji anaendelea. Ukiangalia kwa mbali utasema hiyo nayo kazi gani, hata kasuku ataiweza. Lakini ina ufundi wake. Lazima ujue pa kuvuta pumzi ili maana isikatike vipande, na ukione kidole cha shehe kwa pembe ya jicho bila kugeuza shingo. Bwana Vipimo aliyajua yote hayo. Alikuwa ameikalia nafasi ile miaka mingi, zulia mahali pale lilikuwa limelika kwa magoti yake, na wazee walipokutana naye njiani walitangulia wao kumsalimia. Ungemuuliza yeye ni nani, asingekwambia kwamba ni mpimaji.

Sauti yake, tuseme kweli, ilikuwa ya kawaida. Haikumliza mtu wala haikumkera mtu.

Kisha akaja Fundi Rangi.

Alikuja kupaka msikiti rangi. Mwanamume mwembamba wa makamo, mgeni pale mtaani, ana weupe wa rangi kwenye kucha usiotoka hata kwa mafuta ya taa. Siku hiyo zahanati ilifurika. Darasa zima la watoto lilikuwa limeletwa linaumwa matumbo, na foleni ya kidirisha cha Bwana Vipimo ilitoka mpaka uani. Akachelewa. Shehe alisubiri, akatazama saa ya ukutani, akauliza kama yupo anayeweza kusoma aya chache ili muda usipotee. Watu wakatazamana. Fundi Rangi akashuka kwenye ngazi yake, akalaza brashi juu ya kopo, akaenda kutia udhu, akarudi akakaa.

Bwana Vipimo alifika wakati huo huo, anahema, viatu mkononi, na alichokisikia kilimsimamisha mlangoni. Ilikuwa sauti isiyo na haraka, nzito chini na laini juu, na ikifika mwisho wa aya ilitua taratibu kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Muuza chai, ambaye kwa kawaida huja darsani kumalizia usingizi, alikuwa macho na anayafuta macho yenyewe kwa mkono wa shati. Na shehe, yule shehe wa aya moja moja, alisahau kuinua kidole. Aya zikapita, na Bwana Vipimo alizihesabu zote.

Kizuri chajiuza. Kesho yake aliwahi kuliko siku zote, akamkuta mwenzake ameshakaa. Shehe alimshika bega kwa upole.

"Pumzika kidogo, bwana wangu. Umetusomea sana. Mwache mgeni naye apate thawabu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema sisi. Bwana Vipimo alikwenda kukaa safu ya nyuma, kando ya nguzo, na hakupona hata kidogo.

Ikawa siku hizo wamemaliza Kurani nzima na wanaanza upya, basi shehe akaona aanze na jina la darsa lenyewe.

"Kila siku mnawaaga wake zenu mnasema mnakwenda kwenye tafsiri," alisema. "Haya, tafsiri ni nini?"

Muuza chai, hodari wa kujibu asiyoyajua, akawahi: "Ni kutoa maneno kwenye Kiarabu na kuyaleta kwenye Kiswahili, shehe."

"Hiyo ndiyo tuliyoizoea. Kiswahili chetu kimelichukua neno kikalipa kazi ya kuhamisha maneno, lugha hii kwenda ile. Wenyewe Waarabu kuhamisha huko wanakuita tarjuma, na tafsiri ni jambo jingine. Inatoka kwenye fasara, na asili yake ni kufunua kilichofunikwa. Kitu kipo, lakini kimefunikwa. Wewe unaondoa kifuniko watu waone. Hukukileta wewe, ulikikuta. Wapo wataalamu wa lugha wanaosema neno hilo ni ndugu wa safara, herufi ni zile zile zimekaa vingine, na safara ni kama alfajiri inapong'aa, au mwanamke anapofunua uso. Wengine wanaukataa undugu huo. Waachieni wenyewe wagombane."

Watu wakacheka. Shehe akayatembeza macho mpaka nyuma, kwenye nguzo.

"Halafu liko jambo jingine limeandikwa na watu wa lugha. Matabibu wa zamani walikuwa na kitu wanakiita tafsira. Mnakijua? Ni mkojo wa mgonjwa. Tabibu anautazama, rangi yake na hali yake, na kwa huo anakijua kilichojificha mwilini. Kwa hiyo neno hili mnaloliona tukufu, tunalolitumia kwa maneno ya Mungu, lina jamaa yake kule zahanati, chumba cha mwisho."

Msikiti mzima uligeuka. Kicheko kilipanda hadi kwenye feni. Muuza chai akampiga kofi la bega: "Kumbe na wewe ni mufasiri, Bwana Vipimo! Na sisi tunakuchukulia hivi hivi!"

Acha moyo wake umpande! Miaka yote aliiona kazi yake na darsa yake kuwa vitu viwili visivyotakiwa hata kukaa chumba kimoja. Alikuwa akinawa mara mbilimbili kabla ya kuja. Leo neno lenyewe limewakutanisha, mbele ya watu wote. Akajua sasa ataitwa mbele. Mtu ametajwa hivyo, ataachwaje nyuma ya nguzo? Akavuta kanzu, akasafisha koo.

"Ila muwe waangalifu," shehe alikuwa akimalizia. "Tabibu aliyekwisha kuutaka ugonjwa fulani atauona hata kama haupo. Atautazama mkojo, na atakachokiona ni moyo wake mwenyewe. Na kwenye aya ni hivyo hivyo. Ukija na lako tayari kifuani, hufunui, unafunika." Akageuka kulia. "Soma, Fundi."

Na Fundi akasoma, na ikawa nzuri, na hapo ndipo wivu wa kweli ulipomwingia Bwana Vipimo. Ule wa mwanzo ulikuwa kijicho tu, cha kumwona mwenzako ana kofia mpya. Huu ulikaa tumboni. Ulikuwa ukimwamsha kabla ya adhana na kumuuliza, hivi leo atasomaje yule? Akila, chakula hakina ladha, akiinua kikopo kwenye mwanga anaisikia sauti ile ile. Alianza kumtazama Fundi Rangi kama paka anavyotazama tundu la panya, akitafuta kosa, na anayetafuta kosa hakosi.

Aliona hivi. Fundi Rangi alikuja darsani na chupa kubwa ya maji, akaiweka kando ya goti, na kila shehe alipokuwa akieleza, alikunywa. Kisha, katikati ya maelezo, aliinuka akainama kwa adabu akatoka nje. Akarudi baada ya kitambo ana udhu mpya, akasoma tena, akasifiwa tena, akatoka tena. Haikuwa siku moja wala mbili.

"Yule mtu ana kiburi," Bwana Vipimo alimwambia mkewe jioni moja. Mkewe ni mshonaji, na alikuwa na pini mdomoni, lakini pini hazijawahi kumzuia kusema.

"Yupi?"

"Unamjua yupi."

"Si yule aliyenisalimia juzi kwa heshima mpaka nikatafuta nyuma yangu kama yuko mwingine? Kiburi chake kiko wapi?"

"Shehe akianza kueleza, anatoka! Akisoma yeye sawa, watu wote kimya. Ikifika maana, haitaki, anakwenda zake nje. Anapenda sauti yake tu."

"Labda ana haja."

"Haja gani ya kila siku?"

Mkewe akazitoa pini mdomoni. "Mume wangu, wewe ndiye mpimaji. Unaniuliza mimi ninayeshona?"

Alilichukia jibu hilo, na kwa kuwa alilichukia hakulifikiria. Kesho yake akayasema yale yale kwenye kibanda cha muuza chai, polepole, kama mtu anayesikitika: "Jamaa ana sauti, Mungu amembariki. Ila nasikitika, maana ya aya haitaki. Mmeona anavyotoka?" Wakawa hawajaona; kuanzia siku hiyo wakawa hawaoni kingine. Ulimi hauna mfupa, na wa muuza chai hauna hata gegedu. Wiki haikuisha maneno yakawa yameota miguu: akitoka anakwenda kuvuta sigara, akitoka anaongea na simu, akitoka anahesabu waliolia. Haya Bwana Vipimo hakuyaongeza yeye. Ila alipoulizwa, aliinua mabega tu, na mabega yaliyoinuka husema mengi.

Shehe naye ana masikio. Alimwita Fundi Rangi pembeni baada ya sala, na wote waliokuwa wakijifanya kuvaa viatu waliona. Aliulizwa kitu, akainamisha kichwa, akajibu neno moja au mawili. Siku zilizofuata hakuinuka. Alikaa amebana magoti, jasho linamtoka, na sauti ile ilianza kukimbia, akawa anameza herufi, akakosea aya anayoijua mtoto. Mwisho akainuka katikati ya neno, bila hata kuinama, akatoka karibu anakimbia.

Shehe akatazama kule kwenye nguzo. Kisha akasema, "Bwana Vipimo, njoo mbele."

Akaenda! Nani asingekwenda? Akapiga magoti pale pale palipolika, akaliona ni zulia lake kweli, linamjua. Akasoma. Kidole kikapanda, akanyamaza. Kidole kikashuka, akaendelea, bila kosa hata moja. Lakini alipoinua macho alimwona muuza chai amelala, kidevu kifuani. Msikiti haukumpokea vibaya, haukumpokea tu. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Fundi Rangi na chupa yake, anasikiliza kwa makini zaidi ya wote, na hilo lilimuudhi Bwana Vipimo kuliko kama angemkuta amenuna.

Zikapita siku. Asubuhi moja kikopo kilisukumwa kwenye kidirisha na mkono wenye kucha nyeupe.

"Shikamoo kaka," alisema Fundi Rangi, anatazama ukuta. "Daktari kanituma kwako. Ameniambia nisijaze, nikajaza. Siku hizi najaza kila kitu."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye benchi."

Alikiinua kikopo kwenye mwanga. Maji yalikuwa meupe mno, kama ya bomba. Akachovya kijikaratasi. Mahali panapoonyesha sukari palianza kugeuka kabla hajamaliza kukikung'uta, pakaiva, pakaenda mpaka rangi ya mwisho kabisa kati ya zile zilizochorwa kwenye kopo la vijikaratasi. Akachukua kingine, akachovya tena. Kile kile. Akamwita, akamtoboa kidole, akapima damu, akamrudisha kwenye benchi. Namba ya kwenye kimashine ilikuwa juu mno.

Kiu. Kukonda. Chupa ya maji. Kuinuka kila baada ya muda mfupi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeusoma ugonjwa ule akiwa mlangoni pa msikiti, tena bila kuvua viatu. Yeye alikaa hatua chache kutoka kwa mtu yule kwa wiki na wiki, akahesabu mara alizoinuka, akaona kiburi.

Na wazo la kwanza lililomjia halikuwa la huruma, tusimpambe. Lilisema: majibu yanakwenda kwa daktari, siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa, msikitini hakuna atakayejua, na nafasi itabaki yako. Lilikuwa wazo safi, halina hata doa, kila kipande chake ni kweli. Alikaa nalo mpaka aliposikia mwenzake anakohoa kwenye benchi.

"Kaka, ni kubwa?"

"Daktari atakueleza. Ina dawa. Ila nenda kwake sasa hivi, usipitie nyumbani."

Fundi Rangi alipumua, akacheka kidogo. "Basi ni ugonjwa. Afadhali! Kaka, watu wakikusema sana mpaka mwenyewe unajichunguza. Nilishaanza kuamini. Nikawa kila sala naomba niondolewe kiburi, na huku kibofu kinaniua."

"Kwa nini hukumwambia shehe?"

"Nitaanzaje? Katikati ya maneno ya Mungu nilete habari za choo? Mtu kama mimi, mgeni, nimepewa heshima ile?" Akasimama, akajishika ukuta. "Bora umerudi wewe. Unajua pa kuvuta pumzi. Mimi najua kuimba tu."

Alipoondoka, Bwana Vipimo aliegemea sinki akatamani yule mtu angemtukana.

Alasiri hiyo alisoma vibaya. Darsa ilipokwisha na watu wakatawanyika, alibaki akikunja na kukunjua pindo la kanzu mpaka shehe akamuuliza anangoja nini.

"Fundi Rangi hatoki kwa kiburi, shehe."

"Umejuaje?"

"Siwezi kusema."

"Umeliona kazini."

"Usiniulize, shehe. Sina ruhusa."

"Basi sikuulizi." Shehe akafunga msahafu, akaulaza juu ya kibao chake. "Nikuulize lako, ambalo ruhusa unayo. Hilo la kiburi lililotembea mtaa mzima, na mimi nikaliamini, wewe uliliona wapi?"

Bwana Vipimo alikuwa na majibu mazuri mawili matatu, akayaacha yote.

"Sikuliona," akasema. "Nilikuja nalo."

Shehe hakumkemea. Pengine angemkemea ingekuwa nafuu. Alikaa anasugua macho yake yaliyochoka, kisha akasema, "Na mimi nilipaswa kumuuliza yeye vizuri kabla sijasikiliza maneno ya wanaovaa viatu mlangoni. Kesho nitamrudisha. Nitawaambia watu nimeona wasomaji wawe wawili. Wewe utakaa kando yake, na akiinuka, unashika pale alipoachia. Akirudi, unampisha."

"Hiyo ndiyo adhabu yangu?"

"Mimi sikusema adhabu. Umeipa jina wewe."

Ikawa hivyo. Fundi Rangi alirudi na chupa yake na sauti yake, na muuza chai akarudi kuwa macho. Bwana Vipimo alikaa kando, magoti yako nje ya sehemu iliyolika. Mwenzake akiinuka, yeye anasogea, anasoma aya mbili tatu, wakati mwingine nne shehe akieleza kwa ufupi. Mlango ukilia, anarudi pembeni. Mkewe alimuuliza anajisikiaje. Akajibu kwamba anajisikia kama gurudumu la akiba, na mkewe akamwambia ashukuru, gurudumu la akiba halikanyagi misumari.

Sasa sikiliza mateso ya mtu mwenye wivu aliyeamua kuwa mwema. Kila mwezi Fundi Rangi alikuja kwenye kidirisha kupimwa, na aliyempima ni nani? Yule yule. Dawa zilimkubali. Kijikaratasi kikaanza kuchelewa kubadilika, halafu kikawa kinabadilika kidogo tu. Mpimaji aliyekaa kwenye kiti alifurahi, maana anajua ugonjwa ule unavyokula miguu na macho ya watu. Lakini ndani ya kiti hicho hicho alikaa msomaji, na msomaji alifanya hesabu yake: sukari ikishuka, kiu itashuka, kiu ikishuka, hatainuka, asipoinuka, mimi nitakaa pembeni mpaka nife. Siku moja alijikuta anamwambia, "Kunywa maji ya kutosha, ndugu yangu, usijinyime," ushauri ambao daktari yeyote angeutoa, na yeye peke yake ndiye aliyejua umetoka wapi. Aliona haya mpaka masikio yakamchemka. Lakini aliporudi msikitini na mwenzake akainuka, alisogea upesi kama mtu aliyeitwa chakula.

Na mwenzake aliendelea kuinuka. Hilo ndilo lililoanza kumsumbua. Sukari ilirudi mahali pake, na mwezi uliofuata ikabaki hapo hapo, lakini alasiri ikifika, shehe akiwa amemaliza maelezo marefu na aya nzuri ziko mbele, Fundi Rangi anainama kwa adabu, anatoka. Bwana Vipimo aliogopa. Safari hii hakutaka kuona asilolijua. Labda ni figo, labda ni kitu kingine kimejificha. Akamwita zahanati bila kungoja siku yake, akapima mkojo, akapima damu, akaweka tone chini ya hadubini akalitazama mpaka jicho likamuuma. Hakuna kitu. Mkojo wa mtu mzima.

"Ndugu yangu, nikuulize," alisema kupitia kidirisha. "Usiku unaamka?"

"Nalala moja kwa moja mpaka adhana. Namshukuru Mungu na wewe."

"Kiu je?"

"Ya kawaida tu."

"Ukiwa kazini, juu ya ngazi, unashuka mara kwa mara?"

"Sishuki mpaka chakula cha mchana."

"Basi alasiri unatoka kwenda wapi?"

Fundi Rangi alitazama ukuta, kama wanavyofanya wote. Akajikwangua rangi kwenye ukucha wa kidole gumba.

"Nakaa pale kwenye ngazi za nje."

"Unafanya nini?"

"Nakusikiliza unasoma. Ukikaribia kumaliza, narudi."

Kwenye korido mtoto alikuwa akilia hataki kuchomwa sindano. Bwana Vipimo alisubiri kilio kipite.

"Shehe ndiye aliyekwambia ufanye hivyo?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuona tu unavyosogea nikiinuka." Akatabasamu, si kwa kukebehi. "Na usihangaike na lile jingine, kaka. Najua aliyeanza yale maneno. Muuza chai na siri wapi na wapi? Aliniambia siku ile ile, hata chai haijapoa. Nilikasirika sana. Halafu nikasema, mtu hawezi kuumwa hivyo na kitu asichokipenda. Ugonjwa umekwisha, nikaona basi niendelee kutoka, tugawane."

Bwana Vipimo alikuwa bado ameshika kikopo. Aibu ilikuja, ilimfunika, ikapita kama inavyopita homa. Alidhani baada yake atabaki mwepesi. Akabaki na kitu kingine, anakifahamu vizuri, kimekaa mahali pake pale pale tumboni. Sauti ya mtu huyu alikuwa ameanza kumsamehe, sauti mtu huzaliwa nayo. Lakini na moyo huu je? Miezi yote hii yeye amekaa anaomba mwenzake asipone, na mwenzake amepona anajifanya mgonjwa ili yeye asome! Mtu mmoja anapewaje vyote?

"Leo usitoke," akasema, kwa ukali kuliko alivyokusudia.

"Kaka, si tatizo kwangu, mimi..."

"Nimesema usitoke. Kaa usome mpaka mwisho."

"Na wewe?"

"Mimi nitasikiliza."

Fundi Rangi alimtazama, na kwa mara ya kwanza kwenye kidirisha kile hakutazama ukuta. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kazini.

Alasiri ilipofika, shehe alieleza kwa kirefu, akafika zile aya nzuri, akashusha kidole, na Bwana Vipimo, kwa mazoea, akawa ameshaanza kusogeza goti. Akalirudisha. Fundi Rangi alisoma mpaka mwisho bila kuinuka, na watu wakalia, na Bwana Vipimo alikaa kando yake akimwonea wivu kuliko siku zote, na safari hii wala si kwa ajili ya sauti.